Mrija Mkavu

Chumba cha mahabusu cha Gitega, Burundi, kilijengwa kwa ajili ya watu wachache, na aliyekijenga hakuwapenda hata hao wachache. Kilikuwa na dirisha moja karibu na dari, dogo kiasi cha kupitisha mkono tu. Mpelelezi Kasilda alipofunguliwa mlango asubuhi ile ya Alhamisi alibana pumzi. Kisha akakumbuka kwamba waliomo ndani hawana hiari hiyo, akaona aibu, akavuta hewa ileile wanayovuta wao.

"Leonardi," aliita. "Toka tuzungumze."

Akajitokeza mkulima wa Bugendana, mtu mzima mwenye mabega mapana, aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania kama Kasilda mwenyewe. Walikaa kwenye chumba cha pembeni, meza katikati yao na askari mlangoni. Leonardi alishtakiwa kumuua jirani yake Dominiko kwa sumu. Ijumaa jioni gari lingekuja kumpeleka gerezani, na wote wawili walijua kwamba kesi za namna hiyo zikishavuka lango la gereza husahaulika pamoja na wenyewe.

Mkasa haukuwa mgumu kuusimulia. Leonardi na Dominiko waligombania mpaka wa mashamba tangu waliporudi kutoka Tanzania. Bashingantahe, yaani watu wazima wanaoamua kesi za mlimani, maana huko kijiji huitwa mlima, walipima, wakapanda miti ya mpaka, wakaamuru wagomvi wanywe chungu kimoja kama alama ya amani. Jeska, mke wa Leonardi, akapika impeke, pombe ya mtama. Mwenye nyumba humpa kila mgeni mrija kwa mkono wake mwenyewe, na watu hukizunguka chungu na kuvuta. Leonardi akampa Dominiko mrija. Baadaye Dominiko akaondoka na ndugu yake, Prosper, na kabla hawajafika nyumbani akaanguka njiani, povu likamtoka, akafa. Kwa kuwa wengine wote waliokunywa chungu kile walikuwa wazima, mwendesha mashtaka alisema sumu ilipakwa ndani ya mrija. Mrija wenyewe haukuonekana tena.

"Nieleze upya," Kasilda alisema.

"Afande, nimeeleza mpaka nimechoka kujisikia. Hakunywa."

"Watu wanasema walimwona na mrija mdomoni."

"Mdomoni ulikuwepo. Kuvuta hakuvuta. Mtu akivuta, mashavu yanabonyea. Yake hayakubonyea hata kidogo. Ule mrija ulibaki mkavu."

"Wewe ulikuwa unamwangalia mashavu kwa nini?"

Leonardi alitazama mikono yake. "Kwa sababu nilijua hataki amani yangu."

Kasilda aliweka kalamu chini. Mtu huyu alikuwa amejichimbia shimo na bado anachimba. Kama Dominiko alikunywa, basi aliyempa mrija ndiye muuaji. Kama hakunywa, basi alimkataa Leonardi mbele ya mlima mzima, na Leonardi alikuwa na sababu nzuri ya kumchukia. Kila mlango aliousukuma ulimfungia ndani zaidi.

"Kuna neno lolote alikwambia siku ile?"

"Hakuna la maana."

Alijibu upesi mno. Kasilda alilisikia hilo, akalihifadhi. Jeska alikuwa nje ya ua tangu alfajiri na alikuwa ameleta chupa ya chai. Kasilda akamimina kwenye kikombe cha plastiki, akakisukuma mezani. Leonardi alikitazama kile kikombe, akakirudisha kwa ncha za vidole.

"Sitaki kikombe."

"Midomo imekukauka."

"Nipe maji mkononi, afande."

Askari akammiminia maji ya birika, naye akanywa kutoka viganjani, yakimchuruzika hadi viwikoni. Kasilda aliona ni ukaidi wa mfungwa, maana mtu aliyenyang'anywa kila kitu hubakiwa na ukaidi wake. Alikosea, ila alikuja kulijua hilo baadaye.

Mchana alikwenda chumba cha maiti. Daktari Lucia hakuwa mtu wa maneno mengi, isipokuwa akiwa na jambo la kuonyesha, na siku hiyo alikuwa nalo.

"Sumu ni dawa ya kunyunyizia nyanya, harufu yake naijua," alisema. "Lakini majibu ya maabara hayatakuja kabla ya wiki kadhaa."

"Mimi nina mpaka kesho jioni, Lucia."

"Bon, basi njoo uone."

Alifungua kinywa cha marehemu, akamulika. "Unaona nini?"

"Koo."

"Angalia vizuri. Kilimi kiko wapi?"

Kasilda aliinama. Kwa kila mtu, pale nyuma ya kinywa huning'inia kinyama kidogo, ambacho wao kambini walikiita kimeo. Pale hapakuwa na kitu. Palikuwa na kovu jeupe, na ukingo wa kaakaa ulikuwa umemeguka.

Hakuhitaji kuelezwa. Kambini, mtoto akikohoa bila kupona hupelekwa kwa mkataji. Watu husema kimeo kimerefuka, kinamtekenya koo, kikatwe. Yeye mwenyewe aliponea chupuchupu kwa kupanda juu ya paa la jirani, akakataa kushuka mpaka mkataji alipochoka kusubiri akaenda zake.

"Wengi wanakatwa, wanaishi," Lucia alisema. "Ila huyu alipata mtu mwenye mkono mzito. Amechukua kilimi, amechukua na kipande cha kaakaa laini. Sasa sikiliza. Pua na kinywa ni vyumba viwili, lakini huku nyuma vinatokea kwenye korido moja. Kaakaa laini ndio mlango. Ukimeza, mlango unapanda, unaziba njia ya puani, chakula kinashuka. Ukisema, unajifunga pia, sauti inatokea mdomoni. Mlango wa huyu ulikuwa haufungi."

"Watu wote wanasema alikuwa anaongea puani."

"Na akinywa kwa haraka, kinywaji kilipanda puani. Donc, ndiyo maana nikatafuta huko."

Alimwonyesha kijiti chenye pamba. Pambani kulikuwa na bonge dogo jeupe. "Ndani ya pua kuna vikunjo vya nyama. Vinapasha hewa joto, vinailowesha, vinakamata vumbi lisifike mapafuni. Vinakamata na vingine. Hiki nimekitoa nyuma kabisa."

Kasilda alinusa. Ulikuwa uchachu wa maziwa, na chini yake ukali unaochoma macho.

"Mtindi," alisema.

"Mtindi wenye dawa ya nyanya. Impeke ina rangi ya udongo, na haigandi hivi."

"Huenda aliunywa asubuhi, nyumbani kwake."

"Angepiga chafya, angepenga kamasi. Na ngozi imechubuka pale ulipokaa. Ulipanda ukiwa na sumu tayari, na baada ya hapo hakupata nafasi ya kupenga chochote."

Kasilda alijisikia mwepesi kwa muda mfupi, kisha ule wepesi ukamtoka. Alimsikia mwendesha mashtaka kichwani kabla hajampigia: hata mtindi Leonardi angeweza kumpa. Alimpigia hata hivyo, akaambiwa hivyo hivyo, neno kwa neno karibu.

"Lucia, mtu wa kinywa hiki anaweza kuvuta mrija?"

Daktari alichukua bilauri ya maji na mrija wa plastiki. "Vuta. Haya, sasa achia mdomo kidogo pembeni, vuta tena."

Kasilda alivuta, akapata upepo mtupu.

"Hewa ikipata njia nyepesi, haihangaiki na nzito," Lucia alisema. "Kwake njia nyepesi ilikuwa puani, wakati wote. Lakini mimi nakwambia habari za maiti. Mwendesha mashtaka atasema huenda alikuwa na ujanja wake. Mtafute aliyemwona akiwa hai."

Prosper alikuwa ameeleza kwamba kabla ya kuja Bugendana, yeye na nduguye walikaa Muyinga, kwa mama mmoja muuza chai. Ijumaa asubuhi Kasilda alikuwa Muyinga, kwenye mtaa wa Waislamu, ameketi kwenye benchi la Zaituni huku mandazi yakikaangwa. Njia nzima alikuwa akifikiria gari la gereza. Na sasa mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Gitega, na barabara ile ikilowa haina huruma na mtu.

"Dominiko? Mungu amurehemu," Zaituni alisema. Alikuwa mama mnene, mwepesi wa mkono. "Alikuwa anakaa mu chumba ya nyuma. Muntu ya kutulia. Ila usimuchekeshe akiwa na chai."

"Kwa nini, mama?"

"Chai inatokea mu pua! Mi nilimuzoea. Alikuwa anakunywa polepole, kidogo kidogo, na kikombe tu."

"Mrija je? Uliwahi kumwona anavuta?"

Zaituni aliacha mwiko. "Siku moja ya Idi nilimupa Fanta na mrija, kama bale bengine. Akavuta, akavuta, hakuna kitu. Akafunga pua na vidole, ndiyo ikakuja kidogo. Batoto bakacheka. Masikini, alisikia haya sana. Kutoka ile siku hakugusa tena mrija mbele ya bantu."

Mtu aliyechekwa na watoto kwa kufunga pua asingeifunga mbele ya mlima mzima. Angeweka mrija mdomoni na kujifanya. Leonardi alikuwa amesema kweli kuhusu mashavu.

"Na ndugu yake Prosper alisemaje siku ile ya Fanta?"

"Ndugu gani, afande?"

"Prosper. Anasema walikulia nyumba moja kambini, wakaja hapa pamoja."

Zaituni alicheka kicheko kisicho na furaha. "Wapi! Bale balionana hapa hapa, kwenye hii benchi. Prosper alikuja kunywa chai, akasikia Dominiko anasema mambo ya shamba ya baba yake kule Bugendana, anaenda kurudishiwa. Akamuuliza jina ya baba, jina ya mama, kambi gani. Kesho yake akarudi: mi ni mutoto ya baba yako, kwa mama mungine. Dominiko akalia."

"Hukumwonya?"

"Nilimwonya. Akaniambia, mama Zaituni, niache na ndugu yangu." Alifuta mikono kwenye kitenge chake. "Muntu iko peke yake duniani, ukimupa ndugu hawezi kukuuliza makaratasi."

Kasilda aliagana naye kwa heshima na kwa haraka. Dominiko hakuwa na mke wala mtoto. Akifa, shamba la baba lilikwenda kwa ndugu, na jirani wa kugombana juu ya mpaka angekuwa gerezani. Yote yalikaa sawasawa, ila kujua ni jambo moja na kumfungulia mtu mlango ni jambo jingine.

Mvua ilimkuta njiani. Alipofika ofisini Gitega alasiri ilikuwa inaisha, na Prosper alikuwa ameshafika. Alikuwa ameitwa kutia sahihi maelezo yake kabla ya jalada kwenda. Alikuwa kijana nadhifu mwenye kitambaa cheusi mkononi, na alimpa Kasilda pole ya safari kabla hajapewa pole ya msiba. Dirisha lilifungwa kwa ajili ya mvua, hewa ikawa nzito.

"Tupitie mara ya mwisho," Kasilda alisema. "Mlikulia wapi?"

"Kambini, afande. Nyumba moja, mkeka mmoja."

"Dominiko alikuwa mtu wa pombe?"

"Tangu ujana wetu. Kwa mrija alikuwa anatushinda wote. Hata siku ile nilikaa ubavuni mwake, nikaona mashavu yanavyobonyea."

"Baada ya pale alikuwa na nani?"

"Na mimi. Nilimpakia kwenye baiskeli. Hatukuachana hata kidogo mpaka alipoanguka."

"Njiani hakula kitu? Hakunywa?"

"Hata tone. Ndiyo maana najua ni ule mrija."

"Tia sahihi hapo."

Prosper alitia sahihi kwa mwandiko mzuri. Kasilda aliusubiri wino ukauke.

"Kimeo chake alikatwa na nani?"

"Kimeo?"

"Mmelala mkeka mmoja. Mtoto akikatwa kimeo nyumba nzima hailali."

Prosper alifikiri, lakini si kwa muda wa kutosha. "Ah, yule mzee wa kambini. Tulikatwa wote siku moja, mimi na yeye."

"Fungua mdomo."

"Afande?"

"Fungua mdomo, Prosper."

Hakuwa na namna. Alifungua, na Kasilda akamulika kwa taa ya simu. Kimeo kilikuwepo, kizima, kinatetemeka kwa pumzi za mwenyewe. Alizima taa, akarudi kukaa, akamweleza taratibu, kwa maneno ya Lucia, kuhusu vyumba viwili na mlango usiofunga. Alimweleza Fanta ya Idi na benchi la Muyinga.

"Kwa mrija asingeweza kukushinda wewe wala mtoto anayenyonya," Kasilda alisema. "Umeona jambo ambalo halikuwepo, ukaapa juu yake. Ndugu wa mkeka mmoja angejua."

"Basi labda sikuona vizuri. Watu walikuwa wengi."

"Labda. Mtindi ulinunua wapi?"

Prosper aligeuka kuutazama mlango. Askari alikuwa ameusimamia, mgongo kwenye mbao.

"Sijasema mtindi."

"Hapana, nimesema mimi. Mtindi ulimpanda puani, ukabaki huko, na sumu ndani yake. Umetia sahihi kwamba alikuwa na wewe tu, hata kidogo hamkuachana. Kwa hiyo nakuuliza wewe."

Mvua ilipiga bati mpaka ikawa vigumu kusikia pumzi. Prosper alilegeza kola ya shati.

"Nifungulie dirisha, afande. Hewa hakuna humu."

"Kuna watu wana dirisha dogo kuliko hili kwa sababu yako. Mtindi."

Prosper alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya mtu anayelalamika kuonewa. "Nilikuwa nimemwandalia siku nyingi. Kila nikimpa anasema ameshiba, atakunywa baadaye, nami ninamwaga. Nilikuwa karibu niache kabisa. Siku ile nilibeba kichupa bila hata matumaini. Tumeondoka pale, yeye mwenyewe ndiye akaniomba. Alikuwa na kiu, afande. Alitoka kwenye sherehe ya pombe ana kiu kama mtu wa kuvuna."

Kasilda aliandika maneno hayo yote.

Gari la gereza lilikuja na likaondoka bila Leonardi. Mwendesha mashtaka alitia sahihi ya kumwachilia bila kumtazama Kasilda usoni, na Kasilda hakuhitaji kutazamwa. Alichukua funguo mwenyewe. Alikuwa na furaha, kwa nini asikiri, furaha iliyomfanya aende karibu kukimbia kwenye ile korido yenye unyevu. Wenzake Leonardi walikuwa wamehamishwa na gari, naye alikuwa peke yake kwenye pembe, chini ya kile kidirisha.

"Umeachiliwa," Kasilda alimwambia. "Jeska yuko nje. Ni Prosper. Wala hakuwa ndugu yake."

Leonardi aliinua macho tu. Kasilda akachuchumaa, akamweleza yote, kimeo na kaakaa na mrija usioweza kuvuta. Alidhani anampa zawadi.

"Kwa hiyo hakukukataa," alimalizia. "Alikuja kwa amani. Alishika mrija wako na kujifanya anavuta ili watu wasikuone umekataliwa. Mwili wake ndio uliokataa."

"Hakuweza," Leonardi alisema.

"Hakuweza."

"Akanywa mtindi wa Prosper kwa sababu ya kiu."

"Ndivyo alivyosema."

Leonardi alipitisha kiganja usoni, kikakaa mdomoni. Aliposema, alisema kutoka nyuma ya vidole.

"Aliniomba kikombe."

Kasilda akasogea karibu.

"Kabla hatujakaa. Alinifuata nyuma ya nyumba, akaninong'oneza kwa ile sauti yake ya puani. Akasema, Leonardi, ndugu yangu, nichotee kwenye kikombe, nitakunywa yote mbele yao. Jeska alikuwa anavisuuza pale pale, akanyoosha mkono ampe. Nikamkazia macho mke wangu. Nikamwambia Dominiko, amani ya nyumba hii hainywewi kikombeni kama dawa. Mrija, au rudi kwako." Alishusha kiganja. "Akaenda akakaa, akapokea mrija. Na mimi nikakaa mbele yake kumhesabia kosa."

Kule nje mvua ilikuwa imepungua, na sauti ya Jeska ilisikika ikimuuliza askari kama ni kweli. Kasilda akakumbuka kikombe cha chai ambacho Leonardi alikirudisha kwa ncha za vidole, akaelewa kwamba haukuwa ukaidi. Sheria haikuwa na dai tena kwa mtu huyu. Kasilda alisimama, akausukuma mlango wa mahabusu mpaka ukagusa ukuta, ili Leonardi auone kwamba u wazi.

Leonardi aliutazama ule mlango, lakini hakuinuka. Kasilda alisubiri kidogo, kisha akatoka kwenda kumwambia Jeska kwamba mumewe yu huru, ila ampe muda.